Kodi ya Uwanja

Nyevu aliileta ndani ya mfuko wa unga,
saketi ya mtihani wake pale chuoni Tudor,
imefungwa ubaoni kwa skrubu mbili badala ya nne.
"Haishuki," akasema. "Nazungusha kitasa hadi mwisho,
nataka volti tano, yanipa sita nukta tisa.
Na yalia. Kama mbu."
Regyuleta ameshabadilisha mara tatu,
zote kutoka Bondeni, zote kwa nauli yake.

Kosa la kwanza lilikuwa la waya mweusi wa mita.
Aliubana kwenye chuma cha kasha
akapima kila kitu kutoka huko,
kama mtu apimaye kimo cha mtoto
na mtoto kasimama juu ya kiti.
Nikauhamishia mguu wa kati.
Mita ikaandika tano. Nukta sifuri, sifuri.

"Waona? Huyu hana kosa.
Kaapa tano, na tano anatoa,
juu ya kile alichokikanyaga."

Basi tukakiuliza alichokikanyaga.
Mguu ule haukugusa chuma.
Umeshikwa na mdomo wa op-ampu,
upande na kushuka kwa kitasa:
ardhi yenye usukani.
Kati ya ardhi hiyo na chuma, moja nukta tisa.
Ile ile iliyozidi.

Nikacheka. Akadhani namcheka yeye.

Mimi nimezaliwa katika nyumba bila ardhi, hapa hapa Majengo.
Kuta zetu, mabati yetu,
mlango wa mvule, mshahara wa miezi minne wa bandarini;
uwanja, wa watu.
Kila mwezi akija karani na kitabu cha risiti,
tukimwita Bwana Karatasi,
na mama, siku baba alipomaliza sakafu,
aliweka bakuli la maji katikati, akachutama:
"Sawa kabisa."
Sawa na nini, hakuna aliyeuliza.

"Regyuleta naye hulipa," nikamwambia Nyevu.
"Miliampia tano, mzigo uwepo usiwepo,
zateremka kwa mguu wa kati,
na sharti awepo wa kuzipokea.
Op-ampu yako ndiye karani.
Umemkalisha juu ya chuma kitupu,
na mgongo wake hauinami hadi sakafuni.
Hukwama karibu na volti mbili, mkono kaunyoosha.
Mchimbie shimo."

"Chini ya sifuri kuna nini?"

"Kuna deni."

Diodi mbili, kapasita mbili, kutoka transfoma ile ile,
na karani akapata volti tano za kuinamia.
Umeme ukakatika. Tukanywa chai gizani.
Ukarudi.

Mbu alikuwa bado yumo.
Chini ya ubao, kapasita nono
kati ya mguu wa kati na chuma.
"Nani alikwambia?"
"Mwalimu. Ati itulie."
Op-ampu haipendi kusukumana na kapasita uso kwa uso;
hujibu, hujikosoa, hukosoa kule kujikosoa,
na huko ndiko kulia kwenyewe.
Nikaweka ohmu arobaini na saba baina yao,
kama mtu mzima anavyoketi kati ya ndugu wawili.
Kimya.

Kitasa hadi mwisho: tano nukta sifuri mbili.
"Na hizo mbili?"
"Chumvi. Mombasa hii kila kitasa kina yake."

Nilitaka kumwambia, ukiona vyaelea vimeundwa,
lakini alikuwa keshakunja mfuko wake,
na mimi macho yangu yalikuwa mlangoni,
ambako tangu Jumanne pana karatasi yenye muhuri:
uwanja umeuzwa.
Mpima ardhi amekwisha kupita,
kaacha alama ya rangi nyekundu
kati ya jiko letu na choo cha jirani.
Bakuli la mama ningali nalo. Maji bado yako sawa.

Nyevu kaenda zake.
Waya mweusi wa mita waning'inia ukingoni mwa meza,
mdomo wazi,
haujabanwa popote.